Kuungwa Mkono: Neno la Mzee na Kura za Wajumbe

Muhula huu tulipokuwa tukijitayarisha kuchagua viranja, kijana mmoja wa Kidato cha Pili alinijia na swali. Alikuwa amesikia kwamba kiranja mkuu anayemaliza muda wake amesema hadharani, "Mimi namtaka fulani." Kijana akaniuliza, "Mwalimu, kura yake si moja kama yangu? Mbona basi tangu aliposema neno lile watu wote wamegeuka?"

Nikaona kwamba swali hili si la shule yetu tu. Ni swali la nchi nzima, na tena ni swali lililopata kuamua jambo kubwa lililomhusu mtu wa mkoa wetu huu wa Mtwara. Kwa hiyo nimeona yafaa nilijibu katika gazeti letu, ili wazazi nao walisome na kulizungumza nyumbani.

MANENO YENYEWE

Kwanza tuyatazame maneno tunayoyatumia, maana mengi tunayatamka bila kufikiri. Mtu akitaka mwingine apate cheo, twasema "anamuunga mkono." Wengine husema "anampigia debe." Wengine tena husema "anamdhamini." Maneno haya matatu si kitu kimoja.

Mpiga debe twamjua sote. Enenda stendi ya mabasi pale mjini Mtwara alfajiri utamkuta. Debe, kama wazee wajuavyo, ni kile chombo cha bati kilicholetwa kikiwa na mafuta ya taa, nalo likipigwa husikika mbali. Mpiga debe anaita abiria wa Masasi au wa Lindi kwa sauti kuu, anasifu basi, anasifu dereva, anasifu hata viti. Lakini gari likiondoka yeye habakii ndani yake. Hupokea ujira wake akarudi kuita abiria wa gari jingine. Gari likiharibika Mnazi Mmoja, hasara si yake.

Mdhamini ni mtu mwingine kabisa. Mkulima wa korosho akikopa fedha, naye jirani yake akatia sahihi kumdhamini, basi mkulima akishindwa kulipa, jirani ndiye atakayedaiwa. Kwa hiyo mdhamini hasemi ovyo. Humpima mtu kwanza, maana anajua kwamba neno lake lina gharama.

Mwenye kuunga mkono yuko kati ya hawa wawili. Pengine ni mpiga debe, pengine ni mdhamini. Kazi ya mpiga kura ni kutambua ni yupi.

UCHAGUZI NDANI YA CHAMA

Sasa tuje kwenye siasa. Watu wengi wadhani kwamba rais huchaguliwa siku moja, siku ile ya kupanga foleni. Lakini kabla ya siku hiyo kila chama hupaswa kuamua nani atasimama kwa jina lake. Katika Chama cha Mapinduzi jambo hili lina ngazi. Wanaotaka huchukua fomu. Kisha Kamati Kuu huyachuja majina, na Halmashauri Kuu ya Taifa huyapunguza mpaka yabaki machache. Mwisho Mkutano Mkuu wa Taifa hupiga kura, na mshindi hana budi kupata zaidi ya nusu.

Hapa ndipo neno la mtu mmoja linapopata nguvu. Katika uchaguzi wa nchi nzima wapiga kura ni mamilioni, na neno la mzee mmoja laweza kupotea kama chumvi katika bahari ya Msimbati. Lakini ndani ya chama wapiga kura ni watu elfu moja au mbili, ambao wanafahamiana, wamelala katika nyumba za wageni za mji mmoja, na wanakula pamoja. Neno likisemwa asubuhi limefika kwa wote kabla ya adhuhuri. Tena wagombea wote ni wa chama kimoja. Wana ilani moja na rangi moja. Mjumbe hawezi kuchagua kwa kutazama chama. Hana budi kutazama mtu, na kama hamjui mtu huyo, atamwuliza yule anayemjua.

MWAKA WA 1995

Katika mwaka wa 1995 Mzee Ali Hassan Mwinyi alikuwa anamaliza vipindi vyake viwili vya urais, naye ndiye aliyekuwa Mwenyekiti wa chama. Vyama vingi vilikuwa vimeruhusiwa tangu 1992, na huu ndio ulikuwa uchaguzi mkuu wa kwanza wa vyama vingi baada ya muda mrefu. Bwana Augustino Mrema, aliyekuwa waziri mwenye kupendwa sana na watu, alikuwa ametoka CCM na kujiunga na NCCR-Mageuzi. Kwa hiyo chama kilijua kwamba kikikosea kuchagua mtu, chaweza kushindwa.

Mwalimu Julius Nyerere wakati huo hakuwa na cheo cha serikali, wala hakuwa tena mwenyekiti wa chama. Aliacha urais mwaka wa 1985 na uenyekiti mwaka wa 1990. Katika hesabu alikuwa mwanachama kama wengine. Lakini alikuwa na kitu ambacho hakiandikwi katika katiba: watu walimwamini.

Neno lake lilifanya kazi kwa njia mbili. Njia ya kwanza ilikuwa kuzuia. Bwana John Malecela, aliyekuwa Waziri Mkuu mpaka mwaka wa 1994, alikuwa miongoni mwa waliotaka kugombea. Mwalimu alikuwa amekwisha mlaumu wazi katika kitabu chake kiitwacho Uongozi Wetu na Hatima ya Tanzania, kwa jinsi alivyoliongoza jambo la kudai serikali ya Tanganyika. Jina la Bwana Malecela halikufika kwenye Mkutano Mkuu. Kwa hiyo tukumbuke kwamba mzee huweza kumfungulia mtu mlango, na huweza kuufunga pia.

Njia ya pili ilikuwa kueleza sifa. Siku ya Wafanyakazi, Mei Mosi 1995, Mwalimu alihutubia Mbeya. Alieleza kwa kirefu ni mtu wa namna gani anayefaa kuingia Ikulu: mtu atakayeichukia rushwa, atakayeilinda Katiba na Muungano, na asiyegawa watu kwa kabila wala kwa dini. Basi waliomsikiliza wakaanza kuwapima wagombea kwa kipimo kile. Tazameni hekima ya jambo hili. Mtu akitangulia kutaja jina, atakuwa amewapa watu amri. Akitangulia kutaja sifa, amewapa kipimo, nao huweza kupima wenyewe.

MTU WA LUPASO

Majina matatu yalifika mbele ya Mkutano Mkuu, Dodoma, mwezi wa Julai. Wa kwanza alikuwa Bwana Cleopa Msuya, Waziri Mkuu, mzee wa miaka 64. Wa pili alikuwa Bwana Jakaya Kikwete, Waziri wa Fedha, kijana wa miaka 44. Wa tatu alikuwa Bwana Benjamin William Mkapa, miaka 56, mtu wa Lupaso katika wilaya ya Masasi, Mbunge wa Nanyumbu.

Bwana Mkapa hakuwa mtu wa kushangiliwa na makundi. Alisoma Pugu kisha Makerere, akawa mhariri wa magazeti, akawa katibu wa habari wa Rais Nyerere mwaka wa 1974, kisha akawa balozi na Waziri wa Mambo ya Nje. Watu wengi walijua kwamba Mwalimu alimwona yeye kuwa ndiye anayefaa. Wala Mwalimu hakumsifu mtu aliyekutana naye jana. Alikuwa amefanya kazi naye karibu kwa zaidi ya miaka 20.

Basi kura zikapigwa. Wanafunzi wa hesabu, chukueni kalamu.

Duru ya kwanza: Kikwete kura 534, Mkapa kura 459, Msuya kura 336. Jumla ni 1,329. Nusu yake ni 664 na nusu, kwa hiyo mshindi alihitaji 665. Hakuna aliyezipata. Bwana Kikwete aliongoza, lakini alikuwa na asilimia 40 tu. Bwana Msuya akatoka, na wawili waliobaki wakapigiwa kura tena.

Duru ya pili: Mkapa kura 686, Kikwete kura 639. Jumla ni 1,325.

Yule wa pili amekuwa wa kwanza. Kumetokea nini? Kura ni siri, na hakuna awezaye kusema kila mjumbe alifanya nini. Twaweza kukisia tu. Tuseme kila aliyempa Mkapa kura mara ya kwanza alimpa tena, na kila aliyempa Kikwete alimpa tena. Basi Mkapa ameongeza 227, na Kikwete ameongeza 105. Yaani katika kila wajumbe watatu waliokuwa wa Msuya, kama wawili wamekwenda kwa Mkapa na mmoja kwa Kikwete.

Hapa ndipo tunapoona mahali hasa ambapo neno la mzee linafanya kazi. Halifanyi kazi sana kwa mtu mwenye mpenzi wake tayari. Wale 534 walimtaka Kikwete ingawa walijua Mwalimu anamtaka nani. Neno la mzee humfikia yule ambaye mtu wake ametoka, naye amebaki njia panda akiuliza, "Sasa niende wapi?"

Tena tazameni tofauti. Mkapa alishinda kwa kura 47. Kama watu 24 tu wangalibadili nia, Mkapa angalipata 662 na Kikwete 663, na historia ya nchi ingalikuwa nyingine. Watu 24 hawajai hata darasa moja la shule yetu.

Mwezi wa Oktoba Mwalimu alizunguka nchini akimnadi mgombea huyo, na Bwana Mkapa akapata asilimia 61.8 ya kura za urais. Bwana Mrema alipata asilimia 27.8.

PENGINE NENO HALISHIKI

Msije mkadhani kwamba mkubwa akisema basi imekwisha. Huko Marekani vyama huchagua wagombea wao kwa kura za jimbo baada ya jimbo. Mwezi wa Desemba 2003, Al Gore, aliyekuwa Makamu wa Rais, alitangaza kumuunga mkono Howard Dean. Mwezi uliofuata Dean akawa wa tatu katika jimbo la Iowa, na safari yake ikaharibika. Lakini tarehe 26 Februari 2020 mbunge James Clyburn wa South Carolina alimuunga mkono Joe Biden, aliyekuwa ameshindwa katika majimbo yaliyotangulia. Siku tatu baadaye Biden akashinda South Carolina kwa karibu nusu ya kura zote, na wapinzani wake kadhaa wakajitoa na kumuunga mkono wao pia.

Kwa nini neno la mmoja lilishika na la mwingine likaanguka? Clyburn alisema kwa watu wa jimbo lake mwenyewe, waliomjua kwa miaka mingi. Gore alikuwa mkubwa zaidi, lakini kwa watu wa Iowa alikuwa mgeni mwenye cheo. Kwa hiyo yafaa kuuliza si ukubwa wa msemaji tu, bali anasema na nani.

Hapa kwetu, mwaka wa 2015, wanachama 42 wa CCM walichukua fomu. Kila mmoja alitakiwa kupata wadhamini 450 katika mikoa 15. Bwana Edward Lowassa alikuwa na wafuasi wengi sana, na katika vikao vya Dodoma wajumbe waliimba kuonyesha imani yao kwake. Lakini jina lake halikuwamo katika matano yaliyotolewa na Kamati Kuu, na wajumbe watatu wa Kamati hiyo wakatoka mbele ya watu kusema hawakubaliani. Bwana Bernard Membe, jirani yetu wa Lindi, alikuwamo katika matano lakini si katika matatu ya mwisho. Daktari John Magufuli, ambaye hakuwa na makundi makubwa ya kumshangilia, akapata kura 2,104. Bibi Amina Salum Ali 253. Daktari Asha-Rose Migiro 59.

Funzo lake ni kwamba, pale penye ngazi nyingi, kuungwa mkono na wengi walio nje hakutoshi kama wale wanaoshika mlango hawakukubali. Tena kuna nyakati ambapo hakuna mashindano kabisa. Mwezi wa Januari 2025 Mkutano Mkuu wa CCM ulimpitisha Rais Samia Suluhu Hassan akiwa peke yake. Siku kama hiyo kila mtu huunga mkono, lakini hatuwezi kupima uzito wa neno la yeyote, maana mizani haina upande wa pili.

MCHANGA WA RUVUMA

Wavuvi wa upande wa Msimbati na Kilambo wanajua jambo moja kuhusu mdomo wa Ruvuma. Mto ukifurika masika, mchanga huhama. Mahali palipokuwa na kina mwaka jana huenda leo pana fungu la mchanga. Nahodha mgeni akitaka kuingia, hutafuta mtu wa kumwonyesha njia. Lakini hamwulizi tu, "Wewe ni nani?" Humwuliza pia, "Umepita lini mara ya mwisho?"

Ndivyo ilivyo kwa mwenye kuunga mkono. Yawezekana ni mzee mwenye heshima na asiye mwongo, lakini amemjua mgombea zamani, naye mgombea amebadilika kama mchanga ule. Kwa hiyo nawashauri wanafunzi wapime kila neno la kuunga mkono kwa maswali manne:

Kwanza, huyu anayesema anamjua mgombea kwa kazi gani, na tangu lini?

Pili, ametaja sifa ambazo mimi naweza kuzipima, au ametaja jina tu?

Tatu, mgombea akiharibu, huyu anayesema atapoteza nini? Akiwa hapotezi kitu, ni mpiga debe.

Nne, kama mgombea angekuwa wa kabila jingine, au dini nyingine, au mkoa mwingine, angalisema vile vile?

Swali hili la nne latuhusu sana sisi watu wa Kusini. Mwaka wa 1995 wengi huku walifurahi kwa sababu moja tu: "Ni wa kwetu." Furaha hiyo ni ya kibinadamu. Safari ya Dar es Salaam ilikuwa ya taabu, hasa wakati wa masika, na watu walingoja kivuko kwa saa nyingi katika mto Rufiji. Daraja la Mkapa lililofunguliwa mwaka wa 2003, lenye urefu wa karibu mita 970, liliondoa taabu ile. Lakini linavukwa na watu wa makabila yote. Na Daraja la Umoja juu ya Ruvuma, pale Mtambaswala, liliwekewa jiwe la msingi mwaka wa 2005 na Rais Mkapa pamoja na Rais wa Msumbiji, likafunguliwa mwaka wa 2010 na Rais Kikwete pamoja na Rais Guebuza. Yaani wale wawili walioshindana Dodoma, mmoja alianza na mwingine akamaliza. Bwana Kikwete aliposhindwa mwaka wa 1995 hakuondoka chamani. Alitumika kama Waziri wa Mambo ya Nje chini ya yule aliyemshinda, na mwaka wa 2005 akachaguliwa na chama kwa kura 1,072, duru ya kwanza tu.

KOSA LANGU

Yanipasa nimalize kwa kukiri. Zamani, katika shule nyingine niliyofundisha, nilisimama mbele ya wanafunzi nikasema kwamba kijana fulani anafaa kuwa kiranja mkuu. Nilimjua darasani: hodari wa hesabu, mwenye adabu, mwepesi wa kujibu. Wanafunzi wakamchagua kwa kura nyingi. Haikupita miezi miwili nikasikia kwamba wadogo wa Kidato cha Kwanza wanafua nguo zake usiku na kumchotea maji. Nilipowaita na kuwauliza kwa nini hawakusema mapema, mmoja wao akainama, akajibu, "Shikamoo mwalimu. Tuliogopa. Wewe ndiwe uliyesema anafaa."

Nilimjua kijana yule darasani. Sikumjua bwenini. Nilisema kama mdhamini, lakini deni walilipa wale wadogo.

Basi, kijana wa Kidato cha Pili, jibu langu ni hili. Ndiyo, kura ya kiranja mkuu ni moja kama yako. Lakini neno lake si kura. Ni ushahidi, na ushahidi husikilizwa, kisha hupimwa. Msikilize kwa heshima. Mwulize amemwona mtu wake wapi, darasani au bwenini. Kisha ukiingia mahali pa kupigia kura, ingia peke yako.

Uchaguzi wetu utakuwa Ijumaa ya wiki ijayo. Mimi safari hii sitataja jina la mtu.